Eksirei safi, oksijeni 97, na pumzi bado haitoshi

BARUA

Assalamu alaikum wanasafu,

Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Kazi yangu ni dagaa: nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nauza kwa gunia kwa wanaopeleka Tabora na Dar. Mwaka juzi nilikohoa miezi mingi, nikanywa dawa za TB miezi sita ingawa makohozi hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Sikupata nafuu. Mwishowe nilikatwa kipande cha tezi, jibu likaja sarkoidosisi, ugonjwa wa vinundu vidogo vinavyoota mapafuni na kwenye tezi. Nikaanzishiwa dawa ya prednisoloni 40 mg, yaani vidonge vinane vya 5 mg, vikapunguzwa hadi vitano. Hapo kwenye vitano nimekaa, huu ni mwezi wa saba.

Kikohozi kimeisha. Eksirei ya mwezi uliopita niliambiwa ni safi, na kile kidude cha kidoleni kinasoma 97. Lakini pumzi! Nikilala chali ni kama mtu amenikalia kifuani, papo hapo, kwa hiyo nalala nimeegemea ukuta. Nikiinama kugeuza dagaa mchangani nasimama nahema. Nikiingia ziwani kupokea ndoo kutoka mtumbwini, maji yakifika kifuani pumzi inakata, na mimi nimekulia ziwani. Kuinuka kwenye kigoda lazima nijisukume kwa mikono. Ndoo ya lita 20 sijitwishi tena. Asubuhi nyingine naamka na kichwa.

Hospitali niliyokwenda waliniambia ni wasiwasi, wakanipa dawa ya usingizi. Duka la dawa wakaniuzia kalsiamu na vitamini D, eti prednisoloni inakula mifupa. Jirani anasema niiache prednisoloni kabisa. Mwanangu aliyeko Dar anataka kuniletea kidude cha mazoezi ya kuvuta pumzi. Nishike lipi?

Mama Dagaa, Kigoma

JIBU

Waalaikumu salamu dada,

Katika barua yako yote, maneno tuliyorudi kuyasoma ni yale ya maji kufika kifuani.

Mapafu hayajivuti yenyewe. Yanavutwa, kama mivukuto ya mhunzi inavyongoja mkono. Mkono mkubwa kwenye kazi hiyo ni kiwambo, msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka, kinasukuma matumbo chini, mapafu yanajaa. Ukiwa umesimama, uzito wa matumbo unaning'inia chini na kiwambo kinapata nafasi ya kushuka. Ukilala chali, matumbo yanakirudia. Ukiinama, vilevile. Ukiingia majini hadi kifuani, maji yanabana tumbo pande zote na kukisukuma juu. Mwenye kiwambo chenye nguvu hana habari na hayo. Mwenye kiwambo kilichochoka anakatika pumzi pale pale. Kwa hiyo kulala, kuinama na ziwa, uliyoyaandika kama mambo matatu, kwetu yanasomeka kama jambo moja, na jambo hilo haliitwi wasiwasi.

Kwa nini eksirei haikuliona? Eksirei inaonyesha mapafu na makovu yake, haipimi nguvu za misuli. Kiwambo kikipooza upande mmoja picha inaweza kuonyesha upande huo umepanda. Kikidhoofika pande zote mbili kwa pamoja, msomaji wa picha huandika tu kwamba mgonjwa hakuvuta pumzi vizuri, na picha inapita. Na kidude cha kidoleni kinasoma oksijeni peke yake. Hakijui unatumia jasho kiasi gani kuipata, wala hakijui kama hewa ukaa, ile hewa chafu tunayoitoa kwa pumzi, inabaki mwilini usiku. Namba 97 inaweza kukaa hapo hapo hadi misuli iwe imechoka sana. Kwa wagonjwa wa sarkoidosisi imeshaonekana kwamba kuhema kwao hakulingani na vipimo vya mapafu kila mara. Wako ambao kuhema kwao kunafuata zaidi nguvu za misuli ya pumzi.

Kabla hatujaenda mbali, moyo. Sarkoidosisi huingia moyoni pia, na moyo uliochoka nao humfanya mtu asiweze kulala chali. Tofauti ipo: pumzi ya moyo mara nyingi hubana baada ya muda wa kulala, na miguu huvimba jioni. Ya kiwambo hubana mara tu mgongo unapogusa godoro, kama ulivyoeleza. Hata hivyo tofauti hiyo haitoshi kumwachia mtu aondoke bila kipimo cha umeme wa moyo, ECG, na moyo kuangaliwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ukiwa na mapigo yanayoruka au umewahi kuzimia, hicho ndicho kipimo cha kwanza, mengine yangoje.

Sasa, nani kakidhoofisha kiwambo? Mshukiwa wetu wa kwanza ni dawa yenyewe. Prednisoloni ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hula misuli, hasa ya mapaja, nyonga na mabega, bila maumivu. Ndiyo maana kigoda kimekuwa kirefu na ndoo imekuwa nzito. Misuli ya pumzi nayo haisalimiki. Vidonge vitano kwa miezi saba, baada ya kuanza na vinane, ni vingi. Kwa kawaida sarkoidosisi ya mapafu huanzishiwa 20 hadi 40 mg kwa siku, kisha ndani ya miezi michache dozi hushushwa hadi 5 au 10 mg. Dozi iliyosahaulika palepale kwa sababu picha imekuwa nzuri ni jambo la kawaida mno, na linawaumiza watu.

Mshukiwa wa pili ni ugonjwa wenyewe. Vile vinundu vidogo vinavyojaa kwenye mapafu na tezi huingia pia kwenye misuli. Wagonjwa wengi huwa navyo bila kujua, wachache tu ndio hudhoofika kwa ajili yake. Mara chache zaidi vinakaa kwenye neva inayokiamuru kiwambo, ile inayoshuka kutoka shingoni. Mshukiwa wa tatu ni kupumzika. Mtu anayehema hupunguza kutembea, misuli isiyotumika husinyaa, anahema zaidi. Na pembeni wako wadogo: kalsiamu iliyozidi, potasiamu au fosfati iliyopungua, tezi ya shingo iliyolegea, damu pungufu.

Kuwatenganisha kunaanzia kwenye kumbukumbu yako. Udhaifu wa miguu ulianza lini? Kama uliingia taratibu wakati kikohozi kinaondoka na dozi iko juu, dawa inashukiwa. Kama ulianza au ulizidi kila dozi ilipopunguzwa, ugonjwa unashukiwa. Kipimo cha damu kiitwacho CK, kinachoonyesha misuli inayoharibika, husaidia nusu: kwa udhaifu wa dawa huwa cha kawaida, kwa vinundu vya misuli kinaweza kupanda au kikabaki kawaida. Kikipanda kimesema kitu. Kikiwa cha kawaida hakijamsafisha yeyote.

Yako mambo matatu unayoweza kupima nyumbani ukayaandika daftarini na tarehe. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano upesi uwezavyo. Ikizidi sekunde 15, au ukishindwa bila mikono, miguu ni dhaifu. Kisha lala chali kwa dakika moja, mtu akiwa karibu, mkono juu ya tumbo. Pumzi ikiingia, tumbo linapaswa kuinuka. Likizama ndani huku kifua kinapanda, kiwambo hakifanyi kazi yake na shingo na mbavu zinakibebea mzigo. Tatu, ukiwa umekaa, vuta pumzi hadi mwisho na uhesabu kwa sauti, kwa mwendo uleule kila siku, hadi pumzi iishe. Usijilinganishe na namba zilizoandikwa kwa Kiingereza, maana "kumi na saba" yetu ina silabi nyingi kuliko yao na inamaliza pumzi mapema. Tumia saa: andika sekunde. Ukiona zinashuka wiki hadi wiki, hiyo ni habari, hata kama mwenyewe hujisikii vibaya zaidi.

Hospitalini, kipimo cha kuomba ni kile cha kupuliza, spirometa, lakini kifanywe mara mbili: umekaa, halafu umelala chali. Watu wengi hupimwa wamekaa tu. Kwa mtu mzima wa afya, pumzi yote anayoweza kutoa hupungua hadi asilimia 10 hivi akilala. Ikipungua zaidi ya asilimia 20 kuna shaka kubwa, ikifika 30 kiwambo ni dhaifu pande zote mbili. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya ziada, kinahitaji kitanda. Kuna na kipimo cha nguvu ya kuvuta: unavuta kwa nguvu zote kwenye mrija uliozibwa, mashine inasoma mkazo kwa sentimita za maji. Mwanamke anayefikisha 70, mwanaume 80, huyo hana udhaifu wa maana. Ukipata namba ndogo usikate tamaa siku hiyo hiyo. Midomo ikivujisha hewa au mtu akivuta kwa kusitasita, namba hushuka bila ugonjwa, kwa hiyo rudia hadi majaribio matatu yakaribiane.

Maumivu ya kichwa ya asubuhi hayatupendezi. Usiku, hasa kwenye usingizi wa ndoto, kiwambo kinabaki karibu peke yake kwa sababu misuli mingine ya pumzi inalegea. Kikiwa dhaifu, hewa ukaa inajaa, na kichwa ndicho kinachoanza kulalamika. Kipimo kamili ni gesi za damu kutoka kwenye ateri. Pasipo hicho, baikaboneti kwenye damu ya kawaida hutoa fununu: ikizidi 27, daktari ashuku hewa ukaa. Jambo hili lina upande wa hatari. Mtu wa namna hii akiwekewa oksijeni usiku bila hewa ukaa kupimwa, namba ya kidoleni inapendeza huku yeye anazama kwenye usingizi. Anachohitaji ni mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa.

Kwa sababu hiyohiyo dawa ya usingizi iwekwe kando. Inapunguza msukumo wa ubongo wa kupumua, na inalegeza misuli ambayo tayari imelegea. Kama umeinywa kila usiku kwa wiki kadhaa, daktari akupangie upesi namna ya kuishusha, usiikate ghafla. Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini na tramadoli ni vivyo hivyo. Kila anayekuandikia dawa aambiwe.

Kalsiamu na vitamini D, simamisha leo. Aliyekuuzia alisema kweli kwamba prednisoloni hula mifupa, ila hakujua ugonjwa wako. Vinundu vya sarkoidosisi hutengeneza vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, bila kusikiliza amri ya mwili, na kalsiamu ya damu inaweza kupanda yenyewe. Ikipanda inaleta kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, na udhaifu wa misuli, yaani inakuongezea tatizo lile lile ulilokwenda nalo dukani, na figo zinaumia. Pima kalsiamu ya damu kwanza. Dagaa je? Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo ana kalsiamu nyingi. Kalsiamu yako ikiwa ya kawaida, kula: dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na misuli inayojijenga upya haijengwi kwa ugali wa muhogo mtupu. Ikiwa juu, punguza dagaa na maziwa hadi ishuke, kaza maharage na nyama ya kuku, kunywa maji vizuri, na usikae juani mchana kutwa.

Jirani usimsikilize. Ukinywa prednisoloni zaidi ya wiki tatu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni inayofanana nayo. Ukiiacha ghafla mwili hauna hata ya kwako: kutapika, presha kuanguka, kuzimia, hata kifo. Inashushwa kwa ngazi, kwa mfano nusu kidonge au kimoja kila wiki mbili hadi nne, na kila ngazi unaangalia kikohozi, pumzi na eksirei. Nguvu za miguu huanza kurudi baada ya wiki tatu nne za dozi ndogo, lakini kurudi kikamilifu ni kazi ya miezi. Ukiwa kwenye dawa hii, pimwa sukari na presha, na muulize daktari kuhusu minyoo ya strongiloidi inayoingilia ngozi ya miguu. Ikikutana na prednisoloni huweza kusambaa mwili mzima, na dawa yake, ivamektini, ni rahisi kuliko matokeo yake.

Ugonjwa ukikataa dozi ndogo, au ukigundulika uko kwenye misuli, kuna dawa nyingine, methotreksati, inayotuliza kinga ya mwili. Tunaitaja kwa sababu ya kosa moja linaloua: inanywewa mara moja kwa WIKI, kwa kawaida 10 hadi 15 mg, pamoja na asidi foliki. Si kila siku. Chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike juu ya kopo kwa kalamu ya wino. Ini na damu hupimwa kabla na wakati wa matumizi, homa ya ini B hupimwa kabla, na mimba isishikwe kwa muda wote huo.

Kidude cha mwanao tunakikubali, kwa masharti. Watafiti wa Uturuki walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa wa sarkoidosisi waliofanya mazoezi ya kuvuta pumzi kwa wiki sita. Nguvu ya kuvuta iliongezeka, kutembea kukawa bora, uchovu na kuhema vikapungua. Mwambie anunue chenye springi na namba za mkazo, asinunue kile chenye matundu ya ukubwa tofauti. Kwenye matundu, ukivuta polepole uzito unapungua, na kila mtu huishia kuvuta polepole bila kujua anajidanganya. Springi haifunguki hadi ufikishe mkazo uliopangwa. Vidude vya kupandisha mipira mitatu kwenye vibomba ni kazi nyingine, na puto la kupuliza linafundisha misuli ya kutoa pumzi. Kiwambo hakifaidiki nalo.

Anza baada ya vipimo, kwa asilimia 30 ya nguvu yako iliyopimwa. Ukipimwa 50, weka 15. Usipopata kipimo, weka namba ya chini kabisa. Kaa wima, bana pua, vuta kwa nguvu na kwa haraka, toa taratibu. Pumzi 30 asubuhi, 30 jioni, siku sita kwa wiki, siku ya saba pumzika. Ugumu uwe 4 hadi 5 ukiupa alama kati ya 0 na 10. Ukishuka chini ya 4, ongeza mkazo kwa sentimita mbili za maji. Kizunguzungu na ganzi midomoni maana yake unavuta upesi mno, ngoja kati ya pumzi na pumzi. Ukiamka umechoka kuliko jana, punguza. Msuli dhaifu unaosukumwa hadi kuishiwa haukui. Kama hewa ukaa iko juu au ugonjwa wa misuli unawaka, kidude kikae kabatini kwanza.

Miguu isisahauliwe, maana mapaja dhaifu nayo yanamhemesha mtu. Tembea mahali tambarare dakika mbili, pumzika moja, rudia mara tano. Kilima cha kupanda Mwanga kiache kwanza. Siku tatu kwa wiki simama na ukae kwenye kiti mara nane, pumzika, rudia hadi awamu tatu. Ukiinuka, toa pumzi huku midomo imebanwa kama unapuliza chai, usiizuie.

Kazini, anika dagaa kwenye chanja za kufika kiunoni. Zinakuondolea kuinama, na dagaa wa chanjani hana mchanga, bei yake yenyewe itakulipa mbao. Mzigo usibebwe kichwani: mikono ikiinuliwa, misuli ya mabega inayokisaidia kiwambo inaacha pumzi ikashika ndoo. Guta libebe. Kulala, usirundike mito chini ya kichwa, shingo itakunjika na tumbo litajibana. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, au egemeza mgongo wote kuanzia kiunoni. Kohozi likikwama, nyonya hewa mara tatu bila kuitoa, kisha kohoa huku umebana tumbo kwa mikono miwili.

Usingoje miadi ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ukisinzia mchana au ukichanganyikiwa, chakula kikikupalia mara kwa mara, oksijeni ikishuka chini ya 92, ukizimia, au ukipata homa hata ndogo, kwani prednisoloni huficha homa kubwa. Na ziwani usivuke magoti, wala usiingie peke yako.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, na daftari lako mkononi. Wakikuandikia rufaa ya Bugando au Muhimbili, omba barua iseme hivi: "Sarkoidosisi, prednisoloni 25 mg miezi saba, kuhema mara tu anapolala chali na anapoingia majini, udhaifu wa mapaja, eksirei safi. Tunaomba spirometa akiwa amekaa na amelala, nguvu ya kuvuta pumzi, gesi za damu, CK, kalsiamu, ECG na moyo." Piga simu kwanza kuuliza kama mashine ya nguvu ya kuvuta ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Ukisafiri kwa treni kata daraja la kukaa, la kulala litakutesa, na vidonge vya siku zote za safari viwe kwenye mkoba wa begani, sio kwenye mzigo.